Bunduki ya Mjane Isiyokula Risasi

Verlin Tackett alimwona mjane kabla mjane hajamaliza kupita mlangoni, na moyo wake ukafanya kile moyo wa mwewe unachofanya kifaranga anapochomoza chini ya mbawa za mama yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa maonesho wa kaunti, Beasley Fork, kusini mwa Ohio, ambako kila mwezi wa tatu watu huleta bunduki zao kuuza, kubadilishana, na zaidi ya yote kuzitembeza ili majirani wazione. Mama mmoja mwembamba, miaka sabini na kitu, koti la kiume limemfika magotini, alikuwa ameishika bunduki ndefu kama mtu aliyeshika ufagio. Naibu sherifu wa mlangoni aliipokea, akahakikisha haina kitu ndani, akaifunga, kisha akaizungushia utepe wa plastiki ili isifunguke tena humo ukumbini. Ndiyo sheria ya pale: kila bunduki huingia imefungwa mdomo. Midomo ya wauzaji haikuwekewa sheria.

"Lowell," alisema Verlin bila kugeuza kichwa, "acha kula. Kazi imefika."

Lowell Pruitt, mshirika wake, alikuwa anamalizia kipande cha pili cha pai ya tufaha ya akina mama wa kanisa. "Yupi?"

"Yule mwenye Garand. Anaibeba kichwa chini."

"Maskini."

"Bado. Ngoja kidogo."

Inafaa nieleze kazi ya Verlin, nayo si kazi ya kuonewa haya sana, kwa kuwa wapo wanaofanya mbaya zaidi na wamevaa tai. Alikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani, kioo cha kukuzia, na safu ya vipimo vya shaba alivyovinunua duka la mafundi bomba akavisugua mpaka vikang'aa kama vyombo vya altareni. Juu ya meza lilining'inia bango: JE, RISASI ZAKO ZINAOANA NA BUNDUKI YAKO? UPIMAJI NI BURE. Watu walimwita Daktari, naye hakumkataza mtu.

Uongo wake ulijengwa juu ya msingi wa kweli, kama nyumba yoyote inayotarajiwa kusimama. Ni kweli kwamba Garand, bunduki ya zamani ya jeshi inayojipakia yenyewe kila unapofyatua, ilitengenezwa kwa risasi za wakati wake. Ni kweli kwamba risasi nyingi za kuwindia zinazouzwa leo zina nguvu kupita kiasi, na zinaweza kuipinda ile fimbo ndefu ya chuma inayofanya kazi ya kujipakia. Ni kweli pia kwamba zipo risasi zinazofanana kama mapacha, na mwenye kuzichanganya anaweza kurudi nyumbani bila nyusi. Haya yote yameandikwa vitabuni, na Verlin alivisoma vitabu hivyo vyote mpaka ukurasa unaoeleza dawa. Hapo alikuwa akifunga kitabu. Dawa yenyewe ni kununua risasi zilizotengenezwa mahususi kwa bunduki hiyo, na ziliuzwa meza ya tatu kutoka kwake.

Kwa hiyo mgonjwa akiletwa, Daktari alipima, akaguna, akatangaza msiba: bunduki hii haioani na risasi yoyote iliyobaki duniani. Mwenye nayo akiwa bado ameduwaa, Lowell alipita kwa bahati, mtu mpole mwenye ukuta mtupu juu ya meko yake, akajitolea kuinunua kwa bei ya mbao. Wiki ya pili bunduki ilikuwa imepona kabisa na inauzwa kwa bei yake halisi upande wa pili wa jimbo. Daktari gani mwingine anaponya wagonjwa wake wote?

Kitu kimoja tu katika maisha ya Verlin hakikuwa na uongo. Kilitundikwa nyuma yake, juu ya kikaratasi kilichoandikwa HAIUZWI. Ilikuwa Garand ya babu yake, Eustis Tackett, aliyeiagiza serikalini kwa barua enzi zile, ikaja kwa posta ndani ya sanduku refu, na mleta barua akaibeba begani mpaka barazani. Babu alimfundisha Verlin kulenga kwa bunduki ile. Verlin alishamdanganya mchungaji, mke (ambaye alikwenda zake), na mama yake mzazi akiwa hospitalini. Hakuwahi kudanganya lolote kuhusu bunduki ile. Kila vuli aliipeleka kwenye mashindano ya kulenga shabaha, akashinda zawadi ya bata mzinga kwa haki, na kwa siku nzima alijisikia kama mtu.

"Karibu, mama," alisema, mjane alipofika mezani. "Naona umekuja na mgonjwa."

"Sijui kama ni mgonjwa. Najua hali kitu." Mjane aliilaza bunduki juu ya kitambaa cha kijani. "Mimi ni Opal Stamper. Nina kondoo thelathini na wawili, na koyote, hawa mbwa mwitu wadogo wa huku, wanakuja mchana kweupe kujichagulia wanakondoo kama wako sokoni. Wiki hii watatu. Nimekuja kuitafutia bunduki hii risasi."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mume wangu, Harlan. Alifariki mwezi wa kumi na moja."

"Pole sana, mama." Verlin alivua kofia. Kwa kila mjane alivua kofia. Mjane akiwa na bunduki nzuri, kofia aliishikilia kifuani.

"Ahsante, mwanangu. Sasa sikiliza. Wa dukani mjini nilimwonyesha, akacheka. Harlan alikuwa anatengeneza zake mwenyewe, pale bandani. Ninalo ganda moja la risasi zake hapa mfukoni, ukiliona utaele..."

Verlin aliweka mkono wake juu ya mkono wa mjane, kwa upole. Nusu ya wanaume wa kaunti ile hujitengenezea risasi zao bandani ili kupunguza gharama na kuwakwepa wake zao. Hakuna cha ajabu. "Weka, mama, weka. Anayepimwa ni mgonjwa, si chakula chake."

"Lakini aliihangaikia miaka kumi na mmoja na mashine yake, akawa..."

"Wanaume sisi," alisema Verlin, na hakusikia tena neno, kwa sababu alikuwa amegeuza bunduki na kuona ubavu wake wa kushoto.

Ubavuni mlikuwa na matundu matatu na kibao cha chuma cha kushikia darubini. Akasoma namba. Akaisoma tena kwa kioo cha kukuzia, tarakimu moja moja. Ilikuwa mojawapo ya Garand za walenga shabaha wa jeshi, zilizotengenezwa chache, na zilizobaki ni chache zaidi. Daktari wa meno mmoja mstaafu huko Columbus, anayeitwa Feldkamp, alikuwa akitafuta moja kama hiyo kwa miaka tisa, na alishasema hadharani kwamba atakayemletea atalipwa kiasi cha kuacha kazi.

Verlin aliguna, kama kawaida yake. Akachukua kipimo kirefu kuliko vyote, akakiingiza kwenye mdomo wa mtutu, akakizungusha, akakitoa, akakinusa. Hakuna sababu ya kukinusa. Lakini watu hupenda.

"Mama Stamper," alisema, "nitakwambia ukweli, maana hapa sisi hatufichani. Risasi inayooana na bunduki hii haipo."

"Haipo dukani?"

"Haipo dukani."

"Na humu ukumbini?"

"Mama, humu, Ohio, Marekani nzima. Ukitia ya dukani, mimi nitakuja kukuzika."

Opal Stamper aliinua macho. Usoni mwake palianza kuingia heshima mpya.

"Ajabu," alisema. "Harlan alisema vivyo hivyo. Yaani kwa maneno hayo hayo. Na wewe umejua kwa kupima mdomoni tu?"

"Ni uzoefu, mama," alisema Verlin, naye akakohoa kidogo, maana ilikuwa mara ya kwanza mwenye mgonjwa kukubaliana naye upesi hivyo.

Kikohozi ndicho kilichokuwa ishara. Lowell alitokea, mikono mfukoni, makombo ya pai kifuani. "Samahani, nisiingilie mambo ya watu. Ila nimesikia haifanyi kazi. Mimi nina ukuta mtupu juu ya meko, mama. Naweza kukupa dola mia tatu, kwa ajili ya mapambo tu."

"Wewe ni mwema," alisema Opal. "Lakini dola hazimfukuzi koyote. Nimejaribu kumpigia kelele, kumwashia redio, kumtilia pilipili. Ninataka bunduki inayokula." Akainua kidevu. "Ile iliyo nyuma yako, Daktari. Inakula nini?"

Na hapo Verlin alifanya kosa, kwa kuwa alisema kweli. Hakuweza kujizuia, ilikuwa kama kuulizwa habari za mtoto wake. "Ile? Ile, mama, mpe risasi yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya Garand, inapokea nane, inatema maganda nane, wala haikohoi. Tangu alipoinunua babu haijakwama hata mara moja. Hata mvuani. Hata mikononi mwa mjomba wangu."

"Basi nipe ile, chukua hii."

Verlin alicheka. Alipoona anacheka peke yake aliacha. "Ile haiuzwi, mama."

"Sijasema kununua. Nimesema tubadilishane." Opal alishika bunduki yake. "Kama haiwezekani, hakuna ubaya. Yule mzee wa kofia nyekundu kule mwisho amenipungia mkono. Nikamwulize na yeye."

Mzee wa kofia nyekundu alikuwa Hobart Nesbitt, mtu mwenye vipimo vya kweli na tabia mbaya ya kuwaambia watu mambo yalivyo.

"Hebu kidogo, mama," alisema Verlin. "Niongee na... na bwana huyu wa ukuta. Asije akaona vibaya."

Wakajitenga nyuma ya bango.

"Una kichaa?" alinong'ona Lowell. "Ya babu yako?"

"Ubavu wa kushoto, Lowell. Matundu matatu."

"Toba." Lowell alisahau kutafuna. "Una hakika? Mwambie naibu aukate utepe, uifungue, uangalie ndani."

"Nimwite naibu? Mimi? Akija naibu atakuja na Nesbitt, Nesbitt ataiangalia, atamwambia mama ni nzima kama ng'ombe wa maonesho, na sisi tutalala ndani."

"Basi usiitoe ya babu."

Verlin aliitazama bunduki ya babu. Kitako chake kilikuwa na alama pale ambapo shavu la mzee Eustis lilikuwa likilala, na chini yake alama nyingine ndogo, ya shavu lake mwenyewe, tangu akiwa na miaka kumi. Akajiambia kwamba kwa fedha za Feldkamp ataweza kurudi kwa mjane baada ya wiki, ampe bunduki nyingine mpya, na kondoo juu, aichukue ya babu. Alijiambia vizuri sana. Alikuwa ameshawashawishi watu kwa miaka ishirini, na sasa kwa mara ya kwanza alipata mteja mlaini kabisa.

"Mama Stamper," alisema akirudi, "moyo wangu hauniruhusu kukuacha hivihivi na koyote."

"Ubarikiwe. Lakini niambie tena, ili nisije nikakudhulumu. Una hakika hii yangu haina risasi? Mimi si mtu wa kumwachia mwenzangu kitu kibovu."

"Nina hakika, mama."

"Huwezi kuja kuniambia kesho kwamba hukujua?"

"Naapa kwa kaburi la babu yangu."

"Sawa. Na chakula cha hii?"

Verlin alimpa na risasi, makasha manne. Alizichagua mwenyewe, moja moja, akahakikisha ni zile zenyewe hasa zinazoifaa, na akamweleza mjane asije akanunua zile nzito za kuwindia, na namna ya kuzisukuma ndani bila bunduki kumng'ata kidole. Lowell alishangaa. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona Verlin akifanya kazi ya udaktari vizuri namna ile.

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Ya Verlin ilikuwa maili tisini, mpaka Columbus, na aliimba njia nzima.

Feldkamp alimpokea sebuleni, akaweka taulo jeupe juu ya meza kama aliyejiandaa kung'oa jino. Aliiona namba, akakaa chini. Aliyaona matundu, akasimama. Aliyaona yote akiwa na utulivu wa mtu anayesali. "Kwa miaka tisa," alisema. "Kwa miaka tisa, Verlin." Akaukata utepe kwa mkasi wake wa zamani wa kazi, akavuta kifungio nyuma, akachukua kipimo, cha kweli, akakidondosha ndani.

Kikatumbukia. Hakikusimama pale kinapopaswa kusimama. Kiliendelea kwenda, kama mguu wa mtoto ndani ya buti la baba yake.

Feldkamp aliinama karibu zaidi. Alichukua kitochi kidogo, kile cha kuangalizia magego, akamulika. Kisha akafungua mbao ya juu ya mtutu, akasoma kitu kilichochongwa kwenye chuma, kwa herufi ndogo safi za fundi mwenye subira.

"Nani Opal?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Imeandikwa hapa. *Opal namba nne.* Na chini yake, *H. Stamper.*" Alizima tochi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa habari kutoka chumba cha upasuaji. "Huyu bwana alibuni risasi yake mwenyewe, Verlin. Si kuitengeneza tu bandani kama watu wengine. Kuibuni, umbo lake, shingo yake, mabega yake. Akaipa jina la mkewe. Halafu akachukua moja ya bunduki adimu kuliko zote katika nchi hii akaipanua tumbo ili iimeze."

"Inaweza kurekebishwa?"

"Chuma kikiondoka hakirudi. Mtu anaweza kuitia mtutu mwingine, lakini hapo itakuwa Garand yenye matundu matatu na historia ya kusikitisha." Akamtazama. "Unajua maana yake? Katika dunia hii nzima, katika viwanda vyote, hakuna risasi inayooana na bunduki hii. Hakuna aliyekwambia?"

Verlin aliivuta bunduki upande wake wa meza.

"Naweza kukupa dola mia mbili," alisema Feldkamp, "kwa vipande vyake vidogo vidogo."

Lowell alipopata habari hizo alisikitika kwa muda wa dakika nzima, kisha akavichukua vile vipimo vya shaba kama fungu lake, na inasemekana sasa ni daktari huko Indiana.

Verlin hakwenda Indiana. Jumatatu saa nne asubuhi alisimamisha pikapu yake mbele ya nyumba ya Opal Stamper, bunduki ya Harlan imefungwa ndani ya blanketi. Njiani alikuwa ametunga hadithi saba. Alipofika barazani aliona bunduki ya babu yake imeegemezwa ukutani, imepakwa mafuta, inang'aa, na hadithi zote saba zikamtoka kichwani.

"Daktari!" alisema Opal. "Karibu. Nimempata mmoja jana, hatua mia mbili, alikuwa amesimama kwenye ua anachagua. Wengine wameondoka. Inakula kama ulivyosema."

"Mama, nimekuja kuichukua."

"Kuichukua nini?"

"Mama, mimi ni mwongo." Neno lilimtoka kwa shida, kama jino. "Nilikudanganya. Mimi si daktari. Vile vipimo ni vya bomba. Nilikwambia bunduki yako haina risasi ili niichukue."

Opal alifikiri. "Lakini haina risasi."

"Ndiyo, haina."

"Kwa hiyo ulisema kweli."

"Nilisema kweli, lakini sikujua kwamba ni kweli! Mimi nilikuwa nadanganya!"

"Hebu nielewe vizuri, mwanangu, mimi mtu mzima." Opal alikaa kwenye kiti cha baraza, taratibu. "Ulinipima bunduki, ukaniambia haioani na risasi yoyote. Nikakuuliza mara tatu. Nikataka kukuonyesha ganda, ukanishika mkono. Nikataka kukueleza habari za mashine ya Harlan, ukaniambia wanaume ninyi. Ukaapa kwa kaburi. Na yote uliyosema yakawa kweli tupu. Sasa unataka nikurudishie bunduki kwa kosa gani? La kusema kweli?"

Verlin aliketi kwenye ngazi ya baraza. Alikuwa mtu aliyewahi kumuuzia mchungaji mnara wa kengele usiokuwapo.

"Wewe ulijua," alisema.

"Nilijua kuhusu yangu. Yako uliniambia mwenyewe. Mbona ulisema karibu utoe machozi?" Akaitazama ile iliyo ukutani, na sauti yake ikalegea kidogo. "Ya babu?"

"Ya babu."

"Hiyo nyingine ilikuwa ya Harlan. Na jina langu limo. Ulidhani nilikuwa naitembeza ukumbini nikifurahi?"

Kondoo mmoja akasema lake.

"Basi turudishiane, mama," alisema Verlin. "Wewe uchukue yenye jina lako."

"Jina langu halikumzuia koyote hata mmoja," alisema Opal. "Niachie ya Harlan nayo, nitaitundika juu ya meko. Kwako haina faida. Na hii ya babu yako ina kazi hapa. Lakini mimi si mkatili. Jumapili, baada ya kanisa, unaweza kuja kuiona."

Watu wa Beasley Fork wanaoshangaa kwa nini meza ya Daktari imechukuliwa na muuza soksi wapite njia ya mashambani Jumapili mchana. Wataona pikapu mbele ya nyumba ya mjane. Verlin hufika amenyoa, na kasha la risasi zile zenyewe kwapani, kama baba aliyeachana na mkewe anayekwenda kuwaona watoto na peremende. Opal huzipanga mezani, huzigeuza moja moja kwenye mwanga, zilizo na mikwaruzo humrudishia. Kisha humpa bakuli la supu ya maharage, na mkate wa mahindi, na bunduki. Verlin hulalisha shavu pale palipochakaa, hulenga kopo kwenye ua, hufyatua nane. Haijakwama hata mara moja.

"Tisa?" huomba, kila Jumapili.

"Nane, mwanangu," husema Opal, akinyoosha mkono kuipokea. "Zilizobaki ni za kondoo."